Blogu yangu ya tamthilia imeng'olewa picha 14 kwa mpigo. Nitumie picha zipi nisiingie matatani tena?

MamaStesheneri (Moshi)

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine habari za jioni.

Nina duka la stesheneri Kiborloni. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Mchana wateja wakipungua, kuanzia saa nane hivi mpaka watoto wa shule watoke, huwa naandika. Tangu 2021 nina blogu ya tamthilia moja ya Kituruki, ile inayorushwa ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Jina silitaji nisije nikajichongea mara ya pili. Kila sehemu ikipita naandika muhtasari wake: nani kamsaliti nani, bibi kasema nini mezani, barua imefichwa wapi. Wasomaji wangu wengi ni kina mama wa zamu za usiku, manesi na walinzi, na mabinti zetu walioko Oman ambao kituo kile hawakipati. Sehemu moja inasomwa na watu mia tatu, mia nne. Matangazo ya pembeni yamenipatia dola 11 tangu Januari, na hata hizo sijazishika kwa sababu hazijafika kiwango cha kutoa.

Maneno ni yangu. Picha ndizo si zangu.

Ijumaa iliyopita nafungua kompyuta asubuhi nakuta imeili ndefu, Kiingereza cha mahakamani kitupu. Kampuni ya nje inayohifadhi blogu yangu inasema imepokea malalamiko ya hakimiliki juu ya picha 14, imeshaziondoa, na nikirudia wanafunga akaunti nzima. Miaka yangu yote pale ndani! Nimekaa nikazihesabu. Tisa nilizichukua kwenye blogu ya mashabiki wengine, tatu kwenye ukurasa wa Instagram wa mwigizaji, mbili nilizipiga mwenyewe.

Hizo mbili ndizo zinazoniuma. Nimezipiga kwa simu yangu, runinga yangu, sebuleni kwangu. Ukizikuza unaona yale mawimbi ya mistari yanayotokea ukiipiga picha runinga, unaona globu ya sebuleni imeng'aa juu ya bega la mhusika, na chini kabisa kimeingia kilemba cha mama mkwe wangu aliyekuwa amekaa mbele. Hiyo nayo imekuwaje mali ya mtu wa Istanbul?

Chini ya kila picha nilikuwa naandika "Picha kwa hisani ya mtandao". Kumbe haisaidii kitu? Na yule niliyezitoa kwake zile tisa, mbona yeye hajaguswa?

Nataka kufanya jambo hili kihalali, ila bila picha kabisa siwezi, watu wanapita tu kama daladala iliyojaa. Kesi sitaki, ada za shule zinanisubiri.

KifodiChaNjiro (Arusha)

Dada usiwaze sana. Kata ile nembo ya kona, geuza picha iangalie upande wa pili, ongeza rangi kidogo. Mashine zao hazitaitambua. Mimi nina ukurasa wa mechi mwaka wa tatu huu sijaguswa. Halafu chini andika "sidai umiliki wa picha hii". Hapo umeshajivua.

KameraYaSakina (Arusha)

Kifodi mdogo wangu, unamchimbia dada wa watu shimo.

Mimi nakula kwa kamera. Jumamosi send-off, Jumapili kipaimara, katikati ya wiki nazunguka na watu wa utalii. Mwaka 2019 niliitaka picha moja ya Mlima Meru kunakopambazuka, na mashamba ya kahawa chini yake. Niliamka saa kumi alfajiri siku nne mfululizo. Siku tatu mawingu tu. Ya nne mlima ukafunguka dakika kumi, ukafunga. Picha ile niliiweka kwenye ukurasa wangu, jina langu kona ya kulia.

Miezi minane baadaye naikuta kwenye tovuti ya kampuni moja ya safari. Kona yenye jina langu imekatwa, na chini wameandika: "Picha: Google". Google hajawahi kuamka saa kumi alfajiri kupiga Meru! Nikapiga simu, wakaniambia "lakini kaka, tumetaja chanzo". Nikawapelekea ankara. Picha waliiondoa siku ileile, hela sijaiona hadi leo.

Kwa hiyo ukisema kata nembo, unamwambia mtu aongeze kosa juu ya kosa. Kwa sheria ya Marekani, ambako kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zipo, kuondoa kwa makusudi alama inayomtaja mwenye kazi ili kuficha wizi ni kosa linalojitegemea, fidia yake ni dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila tukio. Na hiyo "sidai umiliki" ni sawa na kuingia jikoni na kuku wa jirani huku unatangaza kwa sauti, "jamani huyu si wangu". Umejitolea ushahidi mwenyewe.

Mama, zile mbili za sebuleni. Wewe unatoa fotokopi. Mteja akikuletea kitabu ukakipiga kopi, kopi ikatoka na doa la wino wa mashine yako, kitabu kimekuwa chako? Simu yako siku ile ilikuwa mashine ya fotokopi. Kilichokuwa chako pale ni kilemba cha mama mkwe.

MamaStesheneri

😂 Nimecheka peke yangu dukani, mteja kaniangalia. Nimeelewa sasa. Ila mbona hilo la kutaja chanzo tunafundishwa mpaka shuleni?

KaraniWaWakili (Moshi)

Habari zenu. Mimi si wakili, ni karani. Nimechapa hati za mawakili mjini hapa miaka kumi na tano, na mambo haya yamepita mezani kwangu mara kadhaa. Yapokeeni kama maongezi.

Kutaja chanzo ni adabu, na mahali pengine ni sharti, lakini ruhusa ni kitu kingine. Kuna kesi ya Ujerumani inayofaa kabisa hapa. Mwanafunzi wa shule moja mjini Waltrop alikuwa anaandaa kazi ya darasani, akachukua picha ya mji wa Córdoba kwenye tovuti ya wasafiri. Picha ilikuwa wazi, haina kufuli, haina onyo. Mtoto akataja tovuti aliyoitoa, kama alivyofundishwa. Shule ikaiweka kazi ile kwenye tovuti yake. Mpiga picha, Dirk Renckhoff, akashtaki: yeye aliiruhusu ile tovuti ya wasafiri peke yake. Agosti 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kuipandisha upya kwenye tovuti nyingine kunahitaji ruhusa yake upya. Mtoto wa shule, kazi ya darasani, chanzo kimetajwa, na bado!

Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Picha inalindwa tangu ilipotengenezwa. Kuandikisha COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kunakusaidia kwenye ushahidi tu, haki yenyewe unayo tayari. Na tusijidanganye kwamba Mturuki hana haki Moshi. Tanzania iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1994, Uturuki nao wamo, na humo kila nchi imeahidi kulinda kazi za wageni kama inavyolinda za wenyeji.

Sasa upande wa pili, maana sheria haijakufunga mikono yote. Kifungu cha 12 cha sheria yetu kinaruhusu nukuu bila kuomba mtu, mradi kazi iwe imeshatolewa hadharani kihalali, utaje chanzo na jina la mwenye kazi, nukuu iendane na utaratibu wa haki, na isizidi kile ambacho lengo lako linahitaji. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuyashika.

Tuseme unaandika kwamba mwongozaji ameweka kioo nyuma ya bibi ili sisi tuuone mkono wake ukificha barua huku watu wa mezani hawauoni. Msomaji hawezi kukuelewa bila kukiona kile kioo. Unaweka fremu moja, ndogo, chini yake jina la tamthilia, kampuni na namba ya sehemu, na aya yako inaizungumzia fremu ileile. Hapo una hoja ya kusimamia. Lakini ukiweka picha nzuri ya kijana amevaa suti juu ya muhtasari ili watu wabofye, hakuna unachonukuu, unapamba. Na sehemu 85, kila moja picha tano, ni albamu ya harusi ya watu wengine.

Wamarekani, wakipima kama kutumia bila ruhusa ni haki, wanaangalia mambo manne, yapo kwenye kifungu cha 107 cha sheria yao ya 1976: unaitumia kwa lengo gani na kama kuna biashara ndani yake, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeharibu soko la mwenyewe kiasi gani. Yote yanapimwa pamoja, kesi kwa kesi. Zile hadithi za "asilimia kumi ni halali" au "sekunde saba ruksa" ni za kijiweni.

Kuhusu ile imeili, hiyo ni njia iliyowekwa na sheria yao ya 1998. Mwenye kazi analalamika, kampuni inayohifadhi tovuti inaondoa haraka ili yenyewe isishtakiwe. Unayo nafasi ya kupinga kwa maandishi, na mlalamikaji asipokwenda mahakamani picha inarudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Lakini pingamizi hilo unaapa kwamba picha imeondolewa kimakosa, na mtu wa nje ya Marekani anakubali kushtakiwa kule. Kwa hizi 14 zako usithubutu. Futa, na uangalie kama nakala zimebaki kwenye kurasa za zamani, zile ndogondogo zinazotokea pembeni. Watu wengi wanasahau hapo. Huyo wa zile tisa huenda anayo ruhusa, huenda bado hajafikiwa. Ya kwake mwachie.

Jambo moja hukuuliza. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya shirikisho la Marekani iliyoko New York iliamua kesi ya kitabu cha mashabiki kilichosimulia tamthilia ya Twin Peaks sehemu baada ya sehemu, kwa urefu na kwa mazungumzo yaliyonukuliwa mengi. Wachapishaji walishindwa. Kwa hiyo hata maneno yana mpaka. Simulia kwa ulimi wako, toa maoni, cheka, kasirika. Kuandika mazungumzo ya sehemu nzima neno kwa neno acha.

MamaStesheneri

Karani Mungu akubariki. Mazungumzo siandiki neno kwa neno, mkono wenyewe haufuati kasi yao. Na niseme, kinachonishinda siku zote ni namba za sehemu. Kule kwao sehemu moja inapita saa mbili, ikija huku inakatwa vipande vya dakika arobaini na kitu. Sehemu yangu ya 85 kwao ni kama ya thelathini. Nikitaja namba nitaje ipi?

KaraniWaWakili

Taja ya kituo ulichoangalia, na useme ni ya toleo la Kiswahili. Chanzo chako ni kile ulichokiona wewe.

BintiRau (Moshi)

Mama jamani kumbe ndiyo maana picha zimepotea! Mimi msomaji wako tangu sehemu ya 12. Mbona usimpe kijana anayejua kuchora azichore zile picha kwa penseli? Au ile programu ya akili mnemba, unaiambia tu "nichoree kijana wa Kituruki amesimama bandarini".

KaraniWaWakili

Binti, mchoro unaoiga picha ya mtu bado umebeba picha ya mtu. Mwaka 1981 Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair likalipa dola 400 ili mchoraji Andy Warhol aitumie kuchora mchoro mmoja, mara moja tu. Warhol akatengeneza mfululizo mzima. Prince alipofariki 2016, mchoro mwingine wa mfululizo ule ukatoka kwenye jalada la jarida, taasisi ya Warhol ikapata kama dola 10,000, mama wa watu hakupata hata senti. Kesi ikafika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwaka 2023 majaji saba kwa wawili wakamuunga mkono Goldsmith. Kama Warhol hakupona, kijana wa penseli wa Rau atapona?

Akili mnemba nayo ikikutolea sura ya mwigizaji yule yule, umerudi palepale na umeongeza tatizo la haki ya mtu juu ya sura yake.

KifodiChaNjiro

Nimekubali yaishe. Nimeenda kufuta zangu za mechi, zilikuwa 212. 🙈

KameraYaSakina

Safi mwanangu, huo ndio uungwana.

Mama, tumekukataza vya kutosha, tufike kwenye unachoweza. Kwanza jua picha moja ya tamthilia ina wenyewe wengi. Kuna kampuni iliyotengeneza, ndiyo huwa inashika karibu kila kitu. Kuna mpiga picha wa seti, mara nyingi ameshawauzia wao. Kuna kituo kilichonunua kurusha kwa Kiswahili. Na kuna yule mwenye sura. Ukiomba, omba kwa mwenye mali, usiombe kwa aliyepanga chumba.

Ya haraka kuliko zote ni kupachika video. Kampuni nyingi za Kituruki zina chaneli zao YouTube, zinaweka vionjo humo, wengine hata sehemu nzima. Ukibofya "sambaza" kuna msimbo wa kupachika, unaubandika kwenye blogu yako. Video inabaki kwao, mwenyewe akiitoa inatoweka na kwako, na yeye ndiye aliyeiruhusu ipachikwe. Hakikisha tu chaneli ni ya mwenyewe. Kupachika ya mwizi ni kumbebea mwizi mzigo.

Ya pili, nenda Wikimedia Commons, ghala la picha mtandaoni. Waigizaji wakubwa hupigwa picha kwenye matamasha na watu wanaozitoa kwa leseni ya Creative Commons, yaani mpiga picha ameshakuruhusu mapema kwa masharti. Utamkuta kasimama kwenye zulia jekundu, hana vazi la tamthilia, lakini ni yeye na ni halali. Soma herufi za leseni. BY maana yake mtaje mpiga picha. SA, ukiibadilisha toleo lako nalo litoke kwa leseni ileile. ND, usiibadilishe. NC, isiwe ya biashara, na wewe una matangazo, hata kama ni dola 11. Kwa hiyo NC zipite mbali. Bahati nzuri Commons wenyewe hawapokei za NC wala ND, lakini ukienda kwingine utazikuta nyingi.

Na usiandike "Picha: Wikimedia". Hilo ni kosa la "Picha: Google" limevaa suti. Andika jina la mpiga picha kama lilivyo pale, jina la picha, leseni na namba yake, mfano CC BY-SA 4.0, vyote vikiwa na viungo, na kama umeikata useme umeikata.

MamaStesheneri (siku nane baadaye)

Nimerudi wakuu. Nilikuwa kimya nafanya mnachosema.

Nilianza na aliyepanga chumba, nisiwafiche. Nilipiga simu kituo kinachorusha. Nikapelekwa masoko, masoko wakanipeleka vipindi, vipindi dada mmoja mpole akaniambia: "Mama, sisi tuna haki ya kurusha tu, picha hata sisi tunatumiwa na masharti." Dakika kumi na nane za salio. Angalau aliniambia jina la idara ya kuandikia kule Uturuki.

Nikaandika. Binti yangu wa kidato cha nne alininyooshea Kiingereza. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu, nimewasifia mpaka nikafika kwa mama mkwe. Binti akafuta, akaniambia "mama, hao wana kazi". Tukabakiza haya: mimi ni nani na niko wapi, anwani ya blogu, naandika kwa Kiswahili kuhusu tamthilia yenu, naomba kutumia picha hizi sita (tukaweka viungo vya kila moja kutoka ukurasa wao wa vyombo vya habari), zitakaa juu ya muhtasari, blogu ina matangazo kidogo, nitaandika jina lenu chini, mkitaka niziondoe nitaziondoa siku hiyohiyo. Nikaeleza pia kwamba nilishawahi kuondolewa 14 na zimeshafutwa. Hapo binti alibisha, mimi nikakataa. Wangejua tu.

Bado sijajibiwa. Lakini hapa katikati nimegundua kitu. Muhtasari uliosomwa kuliko yote mwezi huu hauna picha yao hata moja. Nilichora mti wa ukoo. Karatasi ya manila, kalamu tatu: bluu ndugu wa damu, nyekundu waliooana, kijani wanaodhaniwa ni watoto wa fulani kumbe si wake. Nikaiskani kwenye mashine yangu ya dukani. Majina tu na mistari. Watu wameisambaza WhatsApp mpaka imenirudia mwenyewe kutoka kwa shangazi yangu wa Machame, kaituma kaandika "angalia mtu alivyofanya". Hakuna jina langu! Karani, huo si wizi?

KaraniWaWakili

Ni kazi yako, mama, tangu ulipoinua kalamu. Weka jina lako ndani ya mchoro, katikati ya mistari, pasipokatika kirahisi. Yale manila usiyatupe, andika tarehe nyuma.

KameraYaSakina

Karibu kwenye chama chetu. 😂 Na shangazi wa Machame mpelekee ankara.

BintiRau

Ule mti mimi nimeubandika mlangoni kwa jokofu. Mama, tupige picha sisi basi! Ile siku tulikuja kwako kumi na mmoja kuangalia harusi ya mhusika, na ndizi za kuchoma, na yule bibi jirani akilia. Hiyo picha ni yako kabisa.

MamaStesheneri

Nimeifikiria. Nimewauliza mmoja mmoja. Tisa wamekubali, bibi jirani kasema aonekane kwa mgongo tu, na mmoja kakataa kwa sababu usiku ule mumewe alijua yuko kwaya. Kwa hiyo nimepanga viti upya. Na runinga tumeizima kabla ya kupiga, Kamera asije akaniambia tena habari za fotokopi.

KameraYaSakina

Umenizidi akili. Runinga kwa nyuma ikionekana kwa bahati tu isingekuwa taabu sana, lakini hivyo umelala usingizi.

MamaStesheneri (siku tano baadaye)

Wamejibu!! Mistari minne. Wameniruhusu nne kati ya sita. Mbili wamekataa, wanasema hizo haki zake wanazo watu wengine (Kamera ulisema). Masharti: nisizikate, nisiandike maneno juu yake, nisizitumie kutangaza duka wala kitu chochote, niandike jina la kampuni na alama ya hakimiliki, na ruhusa ni ya blogu hii tu, si Facebook yangu wala WhatsApp. Imeili nimeichapa, nimeitia plastiki kwenye mashine ya laminesheni, iko ukutani pembeni ya leseni ya biashara.

Sasa kila moja ina mstari wake chini: alama ya ©, jina la kampuni, "imetumika kwa ruhusa", na tarehe ya imeili. Fremu ya kioo na barua nimeiweka ndani ya aya, ndogo kama stempu, kama Karani alivyoelekeza, na nimeandika aya tatu nzima juu ya kile kioo. Nilikuwa sijawahi kukiangalia vizuri. Kumbe hata yule mjomba anaonekana mle ndani, kona ya kushoto, anamtazama bibi. Alijua tangu siku ile!

BintiRau

MJOMBA ALIJUA??? Sehemu ya 86 unaiweka lini?

MamaStesheneri

Leo saa nne usiku, nikishafunga hesabu. Haina picha.